Karamojo Bell, mwindaji aliyependa bunduki nyembamba

Mnyama mkubwa, bunduki kubwa. Ndivyo watu wengi wanavyofikiri, na miaka zaidi ya mia moja iliyopita wazungu waliokuja kuwinda tembo Afrika ya Mashariki walifikiri vile vile. Walikuja na bunduki za mitutu miwili. Nyingine zilikuwa na uzito wa karibu kilo 7, masasi yake manene kama kidole gumba, na mwenye kuipiga alibaki bega linamuuma siku nzima. Kati yao alikuwepo mmoja, kijana mwembamba kutoka Scotland, aliyeshika bunduki ya milimita 7 tu, bunduki ambayo wenzake waliiona inafaa swala na paa. Na yeye ndiye aliyewapita karibu wote kwa hesabu ya tembo.

Jina lake Walter Dalrymple Maitland Bell. Wengi wanamjua kama Karamojo Bell, kwa sababu ya nchi ya Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, alikopata sifa. Wapenzi wa bunduki za zamani duniani wanamtaja mpaka leo. Lakini maisha yake yanawagusa wakaaji wa Kongo pia, maana sehemu moja ya pori alilowinda ilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold II, yule yule aliyetawala huku Kivu.

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, katika familia yenye mali. Mama yake alikufa angali mtoto mdogo sana, baba naye akafuata, akalelewa na kaka zake wakubwa. Shule hakuipenda hata kidogo. Alikuwa anatoroka, anarudishwa, anatoroka tena. Mwisho familia ilichoka, akaenda kufanya kazi ya bahari akiwa na umri wa miaka kama 13. Kichwani mwake mlikuwa na kitu kimoja tu: Afrika na tembo, mambo aliyokuwa ameyasoma katika vitabu vya wawindaji.

Kabla hajatimiza miaka 18 alifika Mombasa. Wakati ule Waingereza walikuwa wanajenga reli ya kwenda Uganda, na simba walikuwa wanakula wafanyakazi. Bell akapata kazi ya kulinda wajenzi. Bunduki aliyokuja nayo ilikuwa ya kalibri .303, ya kutia risasi moja moja, kazi ya fundi Fraser wa Edinburgh. Bunduki nzuri kwa macho, lakini jua la Afrika liliitia aibu. Ikipata moto, ganda la risasi linakwama ndani halitoki. Sasa fikiria umempiga simba mara moja, hajafa, anakuja, na ganda limekwama! Kuanzia hapo kijana alijua kwamba uzuri wa bunduki hautoshi: kwanza iwe ya kuaminika.

Pesa za kwenda mbali zaidi hakuwa nazo. Akarudi Ulaya, halafu akakimbilia Klondike, kaskazini ya Kanada, mahali watu walikuwa wanatafuta dhahabu. Wachimbaji wa Fizi na Misisi wanaijua habari ya namna hii: wengi wanakwenda kwa ajili ya dhahabu, lakini anayepata faida ni yule anayewauzia chakula. Bell aliwinda nyama kwa ajili ya mji wa Dawson City. Mwenzake katika biashara akatoroka na pesa zote, Bell akabaki na bunduki yake peke yake, na hiyo nayo ikabidi aiuze ili aondoke. Kisha vita vya Waingereza na Makaburu vikampa njia ya kurudi Afrika. Alijiunga na jeshi la Kanada, akapelekwa Afrika Kusini, akakamatwa, akatoroka. Kutoroka alikuwa amezoea tangu shuleni.

Vita vilipokwisha mwaka 1902, Bell alipanda Afrika ya Mashariki, na sasa alikuwa na pesa za kutosha kununua vyombo. Akasikia kwamba ng'ambo ya mlima Elgon, ku Karamoja, kuna tembo dume wenye pembe ndefu ambao hakuna mzungu aliyekuwa amewafuata sana. Mji wa kuanzia safari ulikuwa Mumias, ambao leo uko Kenya. Huko aliwakuta Waswahili, wafanyabiashara wa pembe, waliokuwa wamemtangulia miaka mingi. Ni watu wa namna ile ile waliotembea njia ya Ujiji na Manyema, wakaleta kwenye ukingo wa ziwa Tanganyika lugha hii tunayoandika. Mmoja wao, aliyeitwa Shundi, amesimuliwa vizuri katika kitabu cha Bell: mtu aliyekamatwa utotoni akauzwa mtumwa pwani, akaingia Uislamu, akapata uhuru wake, kisha akawa tajiri wa pembe anayeogopwa Karamoja yote. Kusema kweli, maisha ya Shundi yangestahili kitabu chake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye bunduki, maana ndipo Bell alipotofautiana na wengine.

Mwanzoni alikuwa na bunduki mbili za .303 za kawaida na moja nzito ya mitutu miwili. Hiyo nzito aliiacha upesi. Juu ya nini? Kwanza uzito. Mwenye bunduki ya kilo 7 hawezi kuibeba mwenyewe siku nzima. Anampa mpagazi, na tembo anapotokea ghafula kwenye majani, bunduki iko nyuma, mpagazi amekwisha kupanda mti. Bell alitaka bunduki ikae mikononi mwake toka asubuhi mpaka jioni. Akiwa anatembea alikuwa anaiinua, analenga jiwe, analenga tawi la mti, anaishusha, bila kupiga, kusudi mikono izoee. Baada ya miezi bunduki ilikuwa kama sehemu ya mkono wake.

Pili ni yale maumivu ya bega. Hata mtu jasiri, akijua kwamba bunduki itampiga, anafumba macho kidogo kabla ya kuvuta kidole. Anajitetea bila kujua. Na hapo ndipo risasi inapopotea. Bunduki nyepesi yenye risasi ndogo haimwogopeshi mwenyewe, basi anaweza kukazia jicho mahali pamoja tu.

Tatu ni sauti. Bunduki kubwa inanguruma kama radi na kundi zima linakimbia. Ile ndogo inalia mlio mkali, mfupi, na tembo wengine wanashindwa kujua umetoka wapi. Mara nyingi walibaki wamesimama. Bei nayo ilikuwa na neno lake: masasi ya bunduki kubwa yaligharimu pesa nyingi, lakini ya jeshi yalipatikana kwa bei ndogo, hata mtu angeweza kujizoeza nayo bila kuhesabu franga.

Lakini yote haya hayamwangushi tembo. Risasi aliyoipenda ilikuwa na gramu 11 hivi. Ile ya bunduki kubwa kuliko zote, ya kalibri .600, ilikuwa na gramu 58, zaidi ya mara tano. Inawezekanaje gramu 11 kumwangusha mnyama wa tani tano?

Jibu Bell alilitafuta kwa msumeno. Alichukua fuvu la tembo akalipasua katikati kutoka mbele kwenda nyuma, akaangalia ubongo umekaa wapi. Kichwa cha tembo ni kikubwa kama nini, lakini karibu chote ni mfupa wenye matundu matundu kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe ni kama mkate mmoja tu, umejificha nyuma. Mtu akipiga kichwa hovyo, hata kwa bunduki ya kilo 7, tembo anaondoka zake. Risasi ikifika kwenye ule mkate, hata iwe ndogo, tembo anaanguka palepale bila kujua kilichompata. Bell akachora michoro, akajifunza kuutazama ule ubongo kama vile kichwa ni kioo, kila mnyama anapogeuka. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, na picha nyingi katika vitabu vyake ni zake mwenyewe.

Bunduki iliyomfaa kuliko zote ilikuwa Mauser ya milimita 7, iliyotengenezewa mbao na mtutu na nyumba ya Rigby ya London. Risasi yake ilikuwa ya kijeshi, iliyoanza kutumika Hispania mwaka 1893; Waingereza waliiita .275 Rigby. Bunduki yote ilikuwa na kilo 3 na kidogo. Unavuta chuma kwa mkono, ganda linatoka, nyingine inaingia, masasi matano ndani ya sanduku. Alitumia masasi ya Kijerumani yenye kichwa cha mviringo, yaliyofunikwa kwa chuma, ambayo hayapasuki na yanakwenda sawasawa ndani ya mfupa. Alijaribu pia Mannlicher ya milimita 6.5, akaipenda sana kwa wepesi wake, lakini masasi yake yalimwangusha, mengine hayakuwaka. Akaiacha. Mapenzi yake kwa bunduki yalikuwa hivyo: ikidanganya mara moja, imekwisha.

Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo 1 011 katika maisha yake yote. Karibu 800 kati yao waliangushwa na bunduki za milimita 7. Isipokuwa 28 tu, wote walikuwa dume, kwa sababu alifuata pembe kubwa.

Watu wanaomsifu mara nyingi wanasahau miguu. Bell alipiga hesabu kwamba kwa kila tembo dume mmoja alitembea wastani wa kilomita kama 117, yani zaidi ya kutoka Uvira mpaka Baraka kwa mguu. Mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Wanasahau tena watu waliotembea naye. Ku Karamoja alikuwa na Pyjale, Mkaramojong mwenye mkuki, aliyejua kusoma nyayo na ambaye Bell alimwamini kuliko mtu yeyote. Bila jicho la Pyjale, ile bunduki nyembamba ingebaki kupiga mawe. Bell pia alikuwa na akili ya kuwalipa wenyeji: aliyeleta habari ya kweli ya tembo alipewa ng'ombe, na nyama waliachiwa watu wa kijiji. Mahali ambapo misafara mingine ilipigana, ya kwake ilipita na kukaribishwa. Msafara wake ulizunguka Karamoja mpaka mipaka ya Sudani na Ethiopia, ukarudi na pembe nyingi za kuuza.

Kisha Bell akaelekea magharibi, ku Lado. Huu ndio ukurasa wa Kongo. Lado ilikuwa nchi ya ukingo wa magharibi wa mto Nile, kuanzia ziwa Albert kupanda juu. Kwa mkataba wa mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Leopold II nchi hiyo kwa muda wa maisha yake tu. Mfalme alipokufa tarehe 17 Desemba 1909, kodi ikaisha, na Juni 1910 nchi ikapewa Sudani. Leo sehemu kubwa iko Sudani Kusini, nyingine ni jimbo la West Nile la Uganda, na kipande cha Mahagi kilibaki Kongo. Katika ile miezi ya mpito, mkubwa mmoja alikuwa anafunga mizigo na mwingine hajafungua yake. Wawindaji wakamiminika kutoka kila upande, wenye karatasi na wasio na karatasi. Tembo walikuwa wengi, na hakuna aliyewauliza wenyeji kitu.

Bell alikuwa mmoja wa wawindaji wa Lado, na kwa faida ndipo alipofanya kazi kubwa. Majani ya huko yalikuwa yanapita kichwa cha mtu, kwa hiyo alikuwa anapanda juu ya kitu cha miguu mitatu ili aone, au anasimama juu ya tembo aliyekwisha kumwangusha na kuendelea kupiga wengine kutoka pale. Picha hiyo, mtu juu ya mzoga akitafuta mwingine, inasema mengi kuhusu biashara ile kuliko hesabu zote.

Baadaye akaenda Liberia, na halafu nchi za Wafaransa upande wa Ubangi na Chari. Ni ku Liberia alipofika mbali kabisa katika hamu yake ya bunduki ndogo: aliwapiga mbogo wa msituni kwa bunduki ya Savage ya kalibri .22, risasi nyembamba kuliko kalamu. Hapo hata wanaompenda wanasema alizidisha.

Vita ya 1914 ilipoanza aliacha pembe akajifunza urubani, akarudi Tanganyika na ndege za kijeshi za Waingereza kuwatafuta Wajerumani porini. Inasimuliwa kwamba alipenda kuruka peke yake, bila mwenzake wa nyuma, ili apate nafasi ya kupiga bunduki vizuri. Ilikuwa miaka ile ile Wabelgiji waliporuka na ndege za majini kutoka Mtoa, karibu na Kalemie, kwenda kutupa mabomu Kigoma. Baadaye alipelekwa upande wa Ugiriki, na alipewa medali ya ushujaa.

Baada ya vita alimuoa Katie Soares, akafanya safari moja ya mwisho ya Afrika akiwa na marafiki Wamarekani, safari hii kwa motokari, kupitia Sudani na Chad. Kisha akatulia Scotland, kwenye nyumba ya milimani iitwayo Corriemoillie. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1923, cha pili kuhusu Karamoja mwaka 1949, na cha tatu kilichapishwa mwaka 1960, yeye hayupo tena.

Uzee haukumbadilisha kuhusu bunduki. Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ya Marekani ilileta risasi mpya, .220 Swift. Ilitengenezwa kwa kupiga wanyama wadogo wanaoharibu mashamba, wale ambao mkulima wa Fizi angewaweka pamoja na panya na ngedere. Risasi yake ina gramu 3 tu, lakini inatoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 1 200 kwa sekunde. Bell, mzee aliyemaliza tembo elfu moja, akaichukua kama mtoto aliyepewa zawadi, akaanza kuwinda nayo paa wakubwa wa milima ya Scotland, na kuwaandikia watu jinsi inavyofanya kazi. Kumbe toka mwanzo hamu yake ilikuwa moja tu: kitu chepesi, kinachokwenda pale pale jicho lilipoelekezwa.

Hamu hiyo inaeleweka. Mtu aliyewahi kushika chombo kilichotengenezwa vizuri, iwe panga, mtumbwi au cherehani ya zamani, anaijua. Lakini kuna mambo mawili ambayo wapenzi wa Bell huyapitia haraka.

La kwanza ni waliomuiga. Walinunua bunduki nyembamba bila msumeno, bila fuvu, bila zile kilomita 117. Walijeruhi tembo, na tembo aliyejeruhiwa hamfuati mzungu aliyempiga. Anakutana na mama anayetoka shambani. Ndiyo maana nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji ziliweka sheria ya kukataza kalibri ndogo kwa wanyama wakubwa. Bunduki ya Bell leo isingeruhusiwa kwa kazi ile ile iliyompa jina. Kenya ilifunga uwindaji wote mwaka 1977.

La pili ni tembo wenyewe. Bell aliua kwa usafi, hilo haliwezi kubishwa, mnyama hakuteseka. Lakini kufa kwa usafi bado ni kufa, na yeye alikuwa mmoja tu katika biashara iliyobeba pembe kutoka Afrika ya kati kwa miaka mingi. Ku Haut-Uele, jirani na Lado ya zamani, Hifadhi ya Garamba ilikuwa na tembo zaidi ya 20 000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2017 walibaki kama 1 200 hivi. Hao hawakuuawa na bunduki nyembamba za Rigby. Waliuawa na silaha za vita, ambazo mwenye kuzishika hahitaji kujua ubongo uko wapi, anamwaga masasi tu. Msitu wa Itombwe, unaogusa Fizi, Mwenga na Uvira, uliwekwa kuwa hifadhi mwaka 2006, wakati tembo wake walikuwa wamekwisha kuwa wachache sana. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilikatazwa kwa uamuzi wa mwaka 1989.

Katika maisha yake Bell hakuonekana kujiuliza sana swali hilo. Aliishi zama ambazo pembe ilikuwa bidhaa kama kahawa. Alikufa Corriemoillie tarehe 30 Juni 1954, moyo ukisimama.

Baada ya kifo chake moja ya zile bunduki za .275 ilifika dukani London. Robert Ruark, mwandishi Mmarekani aliyependa sana Kenya, akainunua, si kwa ajili yake mwenyewe, bali kama zawadi kwa mtoto wa rafiki yake Harry Selby, mwindaji maarufu wa Kenya. Selby baadaye alihamia Botswana, na mtoto akakua na bunduki ile. Kilo 3 na kidogo: hata kijana mdogo aliweza kuibeba mwenyewe.